HABARI ZA ASKARI NYATI, WAPANDA FARASI WEUSI WA MAREKANI



Baada ya hesabu za fedha na taarifa za kamati, si vibaya kuziacha kurasa chache kwa ajili ya habari za kale, maana watu wasiojua wenzao walipitia wapi hutembea gizani. Katika kurasa hizi twataka kueleza habari za askari weusi waliopanda farasi katika nyika za magharibi ya Marekani baada ya utumwa kukomeshwa, wale walioitwa Askari Nyati. Wengi wetu tulilisikia jina hilo kwanza katika wimbo wa Bob Marley uliotolewa mwaka wa 1983, tukaucheza bila kuuliza waliotajwa ni akina nani. Walikuwa watu kweli, wana wa watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika, na habari yao yatuuliza swali zito: je, mtu akimtumikia mtawala wake kwa uaminifu, hata kwa kumwaga damu, huduma hiyo yatosha kumpatia haki yake?

Mwanzo wa Rejimenti

Tangu mwaka wa 1861 hata 1865 watu wa Marekani walipigana wao kwa wao, Kaskazini na Kusini, na jambo kubwa lililowagombanisha lilikuwa utumwa. Katika vita hivyo watu weusi wapatao 180,000 walichukua silaha upande wa Kaskazini. Vita vilipokwisha, watumwa wapatao milioni 4 wakawa huru. Lakini ulikuwa uhuru wa mikono mitupu. Hawakuwa na ardhi, hawakuwa na nyumba, na walio wengi hawakujua kusoma, kwa sababu katika majimbo mengi ya Kusini kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la kisheria. Wengi walirudi kulima pamba katika mashamba ya mabwana wao wa zamani, na mavuno yalipogawanywa walijikuta wana deni badala ya faida.

Tarehe 28 Julai 1866 Kongresi ya Marekani ilipitisha sheria ya kulipanga upya jeshi la nchi. Katika sheria hiyo ziliamriwa rejimenti 6 za watu weusi: 2 za wapanda farasi, yaani ya 9 na ya 10, na 4 za askari wa miguu, ambazo mwaka wa 1869 ziliunganishwa zikawa 2, ya 24 na ya 25. Hii ndiyo mara ya kwanza watu weusi kupewa rejimenti zao katika jeshi la kudumu wakati wa amani. Mpanda farasi aliandikwa kwa miaka 5, akalipwa dola 13 kwa mwezi, pamoja na chakula, mavazi na mahali pa kulala. Kwa mtu ambaye jana alikuwa mali ya mtu mwingine, dola 13 zilizohesabiwa mkononi mwake mwenyewe hazikuwa jambo dogo.

Tena sheria ile ilikuwa na kifungu kimoja cha kukumbukwa. Kila rejimenti ya watu weusi ilipewa kasisi wake, na miongoni mwa kazi za kasisi huyo ilikuwa kuwafundisha askari kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi jioni, farasi walipokwisha kupigwa brashi na bunduki kusafishwa, ungaliweza kuwaona watu wazima wenye ndevu wameketi kwenye mabenchi wakisoma herufi kama watoto. Wengi waliingia jeshini wakitia alama ya msalaba mahali pa jina, nao wakatoka wakiweza kuandika barua.

Makamanda walikuwa Wazungu. Kanali Edward Hatch alipewa Rejimenti ya 9, iliyokusanywa karibu na New Orleans. Kanali Benjamin Grierson alipewa ya 10, iliyoanzia Fort Leavenworth katika Kansas. Kulikuwa na maofisa waliokataa kabisa kuwaongoza watu weusi. Huko New Orleans askari wapya walilazwa katika majengo ya kushindilia pamba, wakasongamana, na kipindupindu kikawaua baadhi yao kabla hawajaiona vita. Huko Leavenworth walipewa mahali pa kupiga hema penye maji maji, na katika gwaride waliamriwa wasisimame karibu na askari weupe. Grierson aligombana na mkuu wa ngome ile juu ya mambo hayo, akafanya haraka kuwaondoa watu wake waende magharibi.

Kazi za Nyikani

Rejimenti ya 9 ilipelekwa Texas mwaka wa 1867, ikashika ngome za Fort Stockton na Fort Davis kando ya njia iendayo El Paso. Ya 10 ilianza katika mbuga za Kansas. Huko ndiko walikopata jina lao. Wengine husema waliolitoa ni Wacheyenne, wengine Wacomanche. Na wengine husema ni kwa sababu ya nywele zao zilizofanana na manyoya ya nyati wa Marekani, wengine kwa sababu ya ukali wao wanapozingirwa. Vyovyote vile, kwa watu wa mbuga ambao nyati alikuwa chakula chao, mavazi yao na nyumba yao, halikuwa jina la dharau. Askari wenyewe walilipokea, na hatimaye Rejimenti ya 10 ikaweka sura ya nyati katika nembo yake.

Asidhani msomaji kwamba siku zao zote zilikuwa za kupiga bunduki. Siku nyingi zilikuwa za jembe na shoka. Walijenga ngome, wakachonga barabara, wakasimamisha nguzo za telegrafu, wakasindikiza magari ya posta, wakawalinda wapima ardhi na wajenzi wa reli, wakawafuata wezi wa ng'ombe. Walikwenda mwendo wa siku nyingi katika jua la kiangazi na katika theluji ya kipusa, na mara nyingi farasi na matandiko waliyopewa yalikuwa yamekwisha kutumiwa na wengine. Hata hivyo watu waliotoroka katika rejimenti zao walikuwa wachache kuliko katika rejimenti za weupe. Sababu yake si ngumu kuiona: askari mweupe akitoroka alikuwa na kazi nyingine ya kuiendea, askari mweusi angetorokea wapi?

Mwezi wa Mei 1870 Sajini Emanuel Stance wa Rejimenti ya 9, kijana mfupi wa kimo, aliongoza doria ndogo kuelekea Kickapoo Springs katika Texas, akapigana mara kadhaa kwa siku mbili na kuteka farasi waliokuwa wameibwa. Kwa hayo alipewa Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika jeshi la Marekani, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata katika vita vya magharibi. Hata vita hivyo vilipokwisha, watu weusi 18 walikuwa wameipata, wakiwamo wapelelezi 4 wa jamii ya Waseminole weusi.

Kiu ya Mwaka wa 1877

Adui mkubwa katika nchi ile alikuwa ukosefu wa maji. Mwezi wa Julai 1877 Kapteni Nicholas Nolan aliondoka na askari wapatao 40 wa Rejimenti ya 10, pamoja na wawindaji wa nyati, kuwafuata Wacomanche katika uwanda mkubwa wa Llano Estacado. Uwanda huo hauna mlima wala mti wa kumwongoza mtu. Macho huona majani na mbingu tu. Wacomanche walijua kila dimbwi lilipo, na waliokuwa wakiwafuata hawakujua. Nyayo zikapotea, viriba vikakauka, na kwa muda wa saa 86 watu wale hawakupata maji. Ndimi zilivimba hata hawakuweza kumeza chakula. Farasi walipoanguka, askari waliwachinja wakanywa damu yao. Wengine walikunywa mkojo. Askari 4 walikufa kwa kiu. Waliosalia walipofika kwenye maziwa ya Double Lakes, wenye nguvu kidogo walijaza viriba wakarudi nyuma usiku kuwatafuta wenzao walioanguka njiani. Tendo hilo la kurudi nyuma twaliona kuwa kubwa sawa na ushindi wowote wa vita.

Miaka 3 baadaye somo lile la maji lilitumiwa kwa namna nyingine. Victorio, kiongozi mmoja wa Waapache, alikuwa ameondolewa pamoja na watu wake kutoka nchi yao ya Ojo Caliente katika New Mexico mwaka wa 1877, wakapelekwa San Carlos katika Arizona, rizavu yenye joto na dhiki. Walitoka humo, na mwaka wa 1879 Victorio akaingia vitani. Rejimenti ya 9 ilimfuata milimani mwezi baada ya mwezi. Tarehe 14 Mei 1880 Sajini George Jordan, mwenye watu 25 tu, alikilinda kijiji cha Tularosa dhidi ya Waapache zaidi ya 100. Alikuwa amefika baada ya mwendo wa usiku, akawapanga watu wake, na wenye kijiji wakaokoka. Mwaka ule ule, Victorio alipojaribu kupita magharibi ya Texas, Grierson hakujichosha kumkimbiza. Aliwaweka askari wake kwenye visima. Tarehe 30 Julai huko Tinaja de las Palmas, na tarehe 6 Agosti huko Rattlesnake Springs, Waapache walikuta maji yamekwisha kushikwa, wakarudishwa nyuma na kiu yao. Walirudi Mexico, na mwezi wa Oktoba Victorio akauawa na askari wa nchi hiyo.

Panzi na Kunguru

Hapa yatupasa kusimama na kusema kweli. Wazee walisema: vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Waapache, Wacomanche na Wacheyenne hawakuwa wamewatia watu weusi utumwani. Walikuwa wakitetea malisho yao, visima vyao na makaburi ya baba zao. Na askari mweusi, ambaye mwenyewe hakupewa ardhi alipofunguliwa minyororo, ndiye aliyetumwa kuwaondoa wengine katika ardhi yao. Mbuga ilipokwisha kusafishwa, masetla waliingia na ng'ombe zao na reli zao. Na katika miji iliyolindwa na askari wale, askari wale wale walitukanwa, walifukuzwa katika maduka ya vinywaji, na waliowaua mara nyingi hawakupata adhabu.

Tusiwahukumu kwa wepesi, kwa maana njia zilizokuwa wazi mbele yao zilikuwa chache. Lakini pia tusiwapambe hata tukasahau upande wa pili. Mwenye kutaka kuwaheshimu kweli na awaheshimu kama watu waliobebeshwa mizigo miwili: kutumwa kufanya lisilo haki kwa wengine, na kunyimwa haki yao wenyewe baada ya kulifanya.

Mwisho wa vita hivyo waonyesha mambo hayo yote pamoja. Tarehe 29 Desemba 1890, huko Wounded Knee katika South Dakota, Rejimenti ya 7, ya askari weupe, iliwaua Walakota zaidi ya 150, wanawake na watoto wakiwamo. Rejimenti ya 9 haikuwapo katika mauaji hayo. Siku ya pili yake Rejimenti ya 7 ilinaswa bondeni karibu na Drexel Mission, na Rejimenti ya 9, ambayo ilikuwa imekwisha kwenda maili zipatazo 100 kwa siku moja na kitu, ikaja kuiokoa. Kisha rejimenti nyingine zikarudi makwao, nayo ya 9 ikaachwa kulinda mahali pale katika mahema wakati wa baridi kali. Asante ya punda ni mateke.

Maofisa Wawili

Henry Flipper alizaliwa mtumwa katika Georgia mwaka wa 1856. Mwaka wa 1877 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha maofisa cha West Point, ambako kwa miaka 4 wanafunzi wenzake weupe walimnyamazia wasiseme naye. Alipelekwa Rejimenti ya 10. Huko Fort Sill alichora na kusimamia mfereji wa kukausha madimbwi yaliyoleta malaria, na mfereji huo bado waitwa kwa jina lake. Lakini mwaka wa 1881 huko Fort Davis, alipokuwa mshika ghala, fedha za serikali zilionekana kupungua, naye akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mahakama ilimwona hana hatia ya wizi; hata hivyo ilimtia hatiani kwa mwenendo usiomfaa ofisa, na mwaka wa 1882 akafukuzwa jeshini. Akawa mhandisi na mpima ardhi mwenye sifa, na muda wote uliobaki wa maisha yake aliomba jina lake lisafishwe. Alikufa mwaka wa 1940 bila kujibiwa. Jeshi lilirekebisha hati yake mwaka wa 1976, na Rais Clinton akamsamehe rasmi mwaka wa 1999, miaka 59 baada ya kuzikwa kwake.

Wa pili ni Charles Young, mzaliwa wa Kentucky wa mwaka wa 1864, aliyehitimu West Point mwaka wa 1889. Baada yake miaka 47 ilipita kabla ya mweusi mwingine kuhitimu pale. Mwaka wa 1903 aliwaongoza askari wa Rejimenti ya 9 kulinda mbuga ya Sequoia katika California, wakamaliza barabara iliyowafikisha watu kwenye miti mikubwa kuliko yote duniani. Alipanda hata cheo cha kanali, mweusi wa kwanza kukifikia. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya 1914–1918, wengi walitazamia kwamba Young angekuwa jenerali. Badala yake madaktari walisema ana shinikizo la juu la damu, na mwaka wa 1917 akastaafishwa. Mwaka uliofuata, ili kuonyesha nguvu zake, alipanda farasi kutoka Wilberforce katika Ohio hata Washington, mwendo wa maili zipatazo 500. Aliitwa tena kazini vita vikiwa karibu kwisha. Baadaye alitumwa Liberia, na mwezi wa Januari 1922, akiwa safarini, akafa huko Lagos, Nigeria. Hivyo mjukuu wa Afrika aliifunga safari yake katika udongo wa Afrika, kabla mifupa yake haijarudishwa kuzikwa Arlington. Cheo cha ujenerali alipewa mwaka wa 2022, miaka 100 baada ya kufa.

Walichojipatia Wenyewe

Ukihesabu walichopewa na serikali, ni kidogo na kilichelewa. Sajini Jordan, shujaa wa Tularosa, alikuwa mgonjwa mwaka wa 1904 karibu na Fort Robinson katika Nebraska. Aliambiwa hospitali ya ngome haina nafasi, akafa. Maziko yake yalikuwa ya heshima kamili ya kijeshi. Heshima ya jeneza ilipatikana, kitanda hakikupatikana.

Lakini ukihesabu walichojipatia wao kwa wao, hesabu yageuka. Young alipokuwa ofisa wa Rejimenti ya 9 alimsaidia kwa masomo askari mmoja aliyeitwa Benjamin Davis, hata mwaka wa 1901 akashinda mtihani wa uofisa. Davis huyo ndiye aliyekuwa jenerali mweusi wa kwanza wa Marekani mwaka wa 1940, na mwanawe ndiye aliyehitimu West Point mwaka wa 1936. Kasisi Allen Allensworth wa Rejimenti ya 24, aliyezaliwa mtumwa, alianzisha shule za askari. Na alipostaafu aliungana na wenzake kujenga mji wa watu weusi huko California mwaka wa 1908, wenye shule na maktaba yake. Maji ya mji huo hayakutosha, na watu wakahama. Lakini shule yao imehifadhiwa hata leo.

Rejimenti zile za farasi zilivunjwa mwaka wa 1944, na watu wake wakapelekwa kufanya kazi za kupakua mizigo na kujenga. Mwaka wa 1948 Rais Truman aliamuru ubaguzi ukomeshwe jeshini. Baadaye Colin Powell, akiwa ofisa huko Fort Leavenworth, alitafuta ukumbusho wa askari wale, akakuta vichochoro viwili tu vilivyopewa majina ya rejimenti zao. Hakuridhika. Tarehe 25 Julai 1992, akiwa mkuu wa majeshi yote ya Marekani, alizindua pale sanamu ya askari mweusi juu ya farasi.

Mcheza kwao hutunzwa, husema wahenga. Hawa walicheza kwao, na hawakutunzwa ila baada ya miaka mingi. Basi jibu la swali letu ni hili: huduma peke yake haikutosha. Nishani ilifungwa kifuani, na mlango ukabaki umefungwa. Kilichofungua mlango, kidogo kidogo, ni yale mabenchi ya jioni yenye herufi, na mkono wa aliyejua uliomshika asiyejua, na kiriba kilichorudishwa nyuma usiku kwa wale walioanguka njiani. Hayo hakuna mtawala aliyewapa, na hakuna aliyeweza kuwanyang'anya.